Gurudumu Nililojisukia Mwenyewe

Kwa mdogo wangu mpenzi, Cheche,

Salamu nyingi kutoka nyumbani, na pole tena kwa safari, ingawa najua uchovu wake umeshakutoka. Mama mdogo aliyekupokea anaendeleaje na mgongo wake? Sisi huku ni wazima. Baba anakula vizuri na analala vizuri, ila sikio lake la kushoto sasa limegoma kabisa, kwa hiyo ukitaka kumwambia jambo unazunguka meza nzima kulifuata la kulia. Wifi yako hajambo. Watoto hawajambo, isipokuwa mdogo wao aliyeng'oka jino la mbele na kuapa kwamba hatacheka tena mpaka liote jingine. Tangu juzi anaongea ameziba mdomo kwa mkono. Mimi mwenyewe mwilini sijambo.

Barua yako niliipata Jumatatu. Niliisoma gereji nimesimama, kisha nikaisoma tena nimekaa. Unasema umepata kazi ya kupokea wagonjwa kwa daktari wa meno na unaanza Jumatatu ijayo. Unaniagiza niiuze pasi yako ya kuchomelea waya pamoja na mita, na zile mota saba zilizobaki kwenye rafu niwape watu wa vyuma chakavu wazibebe, maana hutaki kuiona tena baiskeli ya umeme maishani mwako. Unasema umejithibitishia kwamba una mkono wa nuksi. Halafu mwishoni kabisa, kwa mwandiko uliobanana, unaniomba kwamba kama kuna kitu nilikiona kwenye yale magurudumu nikakuficha kwa kukuonea huruma, nikuambie tu, kwa sababu huna tena cha kuharibikiwa. Nitakujibu hilo. Ila uniache nianzie mbali, maana nikianzia karibu nitashindwa.

Mengi ya haya unayajua, lakini unayajua kwa upande wako. Upande wangu hukuwahi kuusikia. Mimi nilianza kusuka magurudumu katika gereji ya baba kabla wewe hujaanza shule. Leo ni miaka kumi na tisa. Spoki thelathini na sita, kila moja ikipishana na wenzake mara tatu kabla ya kuifikia ringi, kama baba alivyofundishwa na aliyemfundisha, na huyo sijui alifundishwa na nani. Mtu analeta gurudumu limepinda hata halipiti kwenye fremu, anaondoka nalo linazunguka limetulia. Baba hakuwahi kunisifu hata siku moja. Alikuwa anapitisha kucha kwenye spoki moja baada ya nyingine, anasikiliza mlio wake, na akiridhika ananisukumia gurudumu linalofuata. Nikajizoeza kuamini kwamba hiyo ndiyo sifa yenyewe, na nikaizoea hivyo hivyo.

Ndipo ukarudi wewe kutoka chuo cha umeme na lile boksi lako. Nakumbuka ulivyolifungulia mezani, baba ameinama juu yake na shingo imemtoka. Mota pana kama sahani ya kulia, ya kukaa katikati ya gurudumu la nyuma; betri ya kufunga kwenye fremu; waya, na kile kibonyezo cha kwenye usukani. Ukaeleza kwamba mtu hahitaji kununua baiskeli mpya, anakuja na hiyo hiyo yake iliyochoka na anaondoka inapanda mlima bila kutoa jasho. Mota zilikuja tupu, hazina ringi wala spoki, kwa hiyo kila moja ilitakiwa kusukiwa ringi ya mwenye baiskeli. Hapo ukanishika bega mbele ya baba, ukasema umeme ni wako na gurudumu ni la kaka, na kwenye mambo ya spoki wewe hutatia mdomo kamwe. Ulisema kwa heshima, najua. Na ulitimiza. Hukuwahi kutia mdomo.

Basi zilipita wiki mbili tu, nikawa sina jina. Miaka yote hiyo watu walikuwa wananiita fundi. Ghafla nikawa kaka wa Cheche. Wanaingia mlangoni, macho yanapita juu ya kichwa changu, wanauliza yule dada yupo? Hata wenye pancha! Mtu ana pancha ya mwiba, ananiona nimekaa na ndoo ya maji mbele yangu, na bado anasema atamsubiri dada. Nikasema moyoni basi msubiri, akuzibie kwa umeme. Kisha mchora mabango wako akaleta lile bango, radi ya njano imejaa kila mahali, jina lako kubwa hata mtu wa ng'ambo ya barabara analisoma bila shida, na chini kabisa, kwa herufi za kukodolea macho, pia tunatengeneza magurudumu. Ulinionyesha huku unacheka kwa furaha. Mimi nami nilicheka. Jioni wifi yako akaniuliza kwa nini nakula nimenuna, nikamwambia jino.

Lakini bango ningelimeza. Lililonishinda ni kigoda cha baba. Tangu alipoacha kazi, kigoda kilikaa upande wangu, karibu na mashine ya kunyooshea ringi. Siku moja nikainua kichwa nikakuta kiko kwako. Amekaa hapo, sikio zima limekuelekea, anakuuliza huu waya unakwenda wapi, na huu, na ukiukata huu inakuwaje, na wewe unamjibu bila kuchoka, na yeye anacheka. Anacheka, Cheche! Mimi katika miaka kumi na tisa hajaniuliza swali hata moja. Najua utasema hakuniuliza kwa sababu spoki anazijua. Nililijua hilo hata siku ile. Halikunisaidia.

Nilikuonea wivu. Nimekaa na kalamu hii dakika kadhaa nikitafuta neno jingine lenye adabu zaidi, sikulipata. Nilikuonea wivu asubuhi ukifungua mlango na jioni ukiufunga. Nilikuonea wivu hata ulipoungua kidole kwa pasi, kwa sababu baba ndiye aliyekimbilia maji.

Halafu spoki zikaanza kukatika. Wa kwanza alikuwa muuza maziwa; hakumaliza mwezi. Alikuja anaisukuma baiskeli, gurudumu linayumba na kusugua fremu kila likizunguka. Spoki mbili. Nikaweka nyingine. Akafuata fundi cherehani, akafuata mwalimu, akarudi muuza maziwa. Na kwa kuwa baiskeli zao zilikuwa hazikatiki spoki kabla hujaziwekea mota, kila mtu aliona wazi kosa ni la nani. Hakuna aliyenigeukia mimi. Wakasema mota ya Cheche ina nguvu za wazimu, inatafuna gurudumu lake yenyewe. Yule muuza maziwa, kwa mdomo wake ule, akawa anapita akipiga kelele kwamba amekuja kulisha baiskeli spoki zake za asubuhi. Watu wakacheka. Wewe ukacheka nao, kisha ukaingia ndani, ukakaa nyuma ya rafu muda mrefu.

Nilikuangalia ukihangaika. Ulipunguza nguvu za mota mpaka wateja wakalalamika kwamba sasa wanapitwa na watembea kwa miguu. Uliwafundisha mmoja mmoja waanze kwa pedali kwanza ndipo wabonyeze. Ulinunua spoki nene kutoka mjini, zile zinazotumika kwenye pikipiki ndogo, ukaniletea kwa mikono miwili na kuniuliza kama zitafaa. Nikazigeuzageuza, nikakuambia tujaribu. Nikazisuka. Zikakatika upesi kuliko zile nyembamba. Kila gurudumu lililorudi nililipokea nimekunja uso, nakupa pole, na ndani kabisa kuna kitu kilikuwa kinachekelea. Kigoda kilikuwa bado kiko upande wako, lakini baba alikuwa hacheki tena, na hilo nalo nililihesabu kuwa langu.

Ya mkunga huna haja ya kukumbushwa, ila nataka ujue kwamba na mimi naikumbuka vile vile. Alikuwa anatoka kumpima mama mmoja mjamzito, anateremka mteremko wa sokoni, spoki nne zikaachia kwa pamoja na ringi ikajikunja. Akaangukia bega. Mfupa wa mtulinga ukavunjika. Ulikimbia peku. Ulimshika mkono hospitalini mpaka walipomfunga, ukawa unamwomba msamaha hata mwenyewe akakwambia unyamaze, umwache aumwe kwa utulivu. Kesho yake ukapanda ngazi, ukalishusha lile bango kwa mikono yako, na mimi ndiye niliyekushikia ngazi. Ulipofika chini uliniuliza kama nadhani wewe ni mtu wa hatari. Sikukujibu. Ulidhani nimeshindwa kusema kwa uchungu, ukanikumbatia.

Sasa swali lako. Ndiyo, kuna kitu nilikiona. Na sikukuficha kwa huruma.

Spoki ya kawaida ikichoka inakatikia kichwani, pale ilipojikunja kwenye kitovu cha gurudumu. Hizi zako zote zilikuwa zinakatikia mwisho wa pili, kwenye nati ndogo inayoibana spoki kwenye ringi. Niliona hivyo tangu zile mbili za muuza maziwa. Zilipofika sita nikazipanga mezani, na jibu lilikuwa limelala pale mbele yangu. Kitovu cha kawaida ni chembamba, spoki inatoka mbali na ina nafasi ya kupishana mara tatu na kufika kwenye ringi imenyooka. Mota yako ni pana. Spoki ni fupi. Ukiilazimisha fupi ile ipishane mara tatu, inafika kwenye ringi imeinama, na nati inaikunja pale pale mlangoni. Baiskeli ikitembea, inakunjwa na kunyooshwa, inakunjwa na kunyooshwa, mpaka inakatika. Ile nene ndiyo kabisa, haipindi, inavunjika tu. Dawa yake ni kuzipishanisha mara moja, basi. Mara moja tu. Mota yako haikuwa na kosa lolote. Nguvu zake hazikuwa nyingi. Mkono wako hauna nuksi. Yale yalikuwa magurudumu yangu.

Ungeweza kunitetea ukasema labda kaka alikisia tu, hakuwa na uhakika. Nilikuwa na uhakika. Unakumbuka ile mota iliyokwaruzika kifuniko, uliyonipa bure ili nisiwe natembea kuja kazini? Niliisukia nyumbani, chumbani, mlango nimeufunga kwa komeo, nikamwambia wifi yako asiingie kwa sababu nimemwaga vipande vidogo vidogo sakafuni. Nilizipishanisha mara moja. Nimeiendesha baiskeli hiyo miezi minane, kwenye mashimo, na mfuko wa saruji nyuma, na spoki haijakatika hata moja. Nilikuwa naiegesha ukutani kwako kila asubuhi. Uliisifu, Cheche. Uliwaambia wateja wamtazame kaka, ya kwake haiharibiki kwa sababu yeye anaendesha kwa adabu. Mimi nikatikisa kichwa kama mtu mnyenyekevu, nikaenda kuwasukia mara tatu.

Mwanzoni nilijiambia nitasema wiki ijayo. Nilitaka tu uonje kidogo, watu wauone upungufu wako, waje wauone na umuhimu wangu. Nilipanga kabisa jinsi nitakavyokuja kuokoa jahazi: baba amekaa, wewe umekata tamaa, mimi nainuka na kuonyesha. Lakini kila wiki ilipokuja niliona hujaumia vya kutosha. Halafu mkunga akaanguka, na kuanzia hapo kusema kukawa na maana nyingine. Nikafyata mkia.

Baba ndiye aliyenifumania, tena bila kukusudia. Jumapili alikuwa hana la kufanya, akainamia baiskeli yangu na kupitisha kucha kwenye spoki kama zamani. Mlio hausikii vizuri siku hizi, kwa hiyo akaanza kuzifuata kwa vidole kutoka kwenye mota hadi kwenye ringi. Akazifuata mara mbili. Nilikuwa nimeshika spana, nikaona mkono wangu wenyewe umesimama. Uso ulimfunguka. Akasema tazama, kumbe huyu mtoto aliligundua kabla hajaondoka, akaacha moja amelisuka sawasawa. Alikuwa anakusema wewe. Akasema ameshika magurudumu maisha yake yote na hajaona mtu aliyeitii kazi kuliko huyu, maana hakung'ang'ania ya wazee, alitazama kinachohitajika.

Nilitaka kunyamaza. Nilitaka pia asifiwe aliyelisuka. Nilivutwa huku na huku kwa muda ambao sijui ulikuwa mrefu kiasi gani, na nakuapia sijui ni lipi kati ya hayo mawili lililonifungua mdomo. Nikamwambia ni mimi. Hakusikia. Nikazunguka upande wa kulia nikamwambia tena, akauliza nini? Basi siri niliyoifungia komeo miezi minane niliitoa kwa kupiga kelele, Cheche, gereji ya watu watano, maana kila nikishusha sauti anaweka mkono sikioni. Ilinibidi nilipigie kelele hata lile la kwa nini. Muuza maziwa alikuwepo. Unaweza kudhani alichonga mdomo wake. Hapana, alitazama chini, akasukuma baiskeli yake akatoka.

Baba aliondoa mkono sikioni. Kisha akaniuliza kama nililigundua peke yangu, bila kufundishwa wala kuonyeshwa. Nikasema peke yangu. Akasema basi ni vibaya zaidi, angalau mjinga angesamehewa. Tangu siku hiyo ananisalimia, anapokea chakula, anauliza hali za watoto, na hanisogelei ninapofanya kazi.

Jumatatu nilikuwa nimekwisha kusudia kuandika ndipo barua yako ikafika, kwa hiyo usidhani ni wewe uliyenilazimisha. Jumanne nilikwenda kwa mkunga. Mkono bado umefungwa kifuani. Nikamwambia yote mlangoni, kwani hakunikaribisha ndani. Alinitazama sana, kisha akauliza kama ninaweza kumsukia gurudumu jingine lililo sahihi. Nikasema naweza. Akasema nilisuke, nimpe mtu mwingine amletee, kwa sababu uso wangu hataki kuuona mpaka mfupa wake uunge. Akaniuliza pia kama nimeshakuambia wewe. Niliposema bado, akaniambia barua isipofika kabla ya Jumatatu yako ya meno, atakuandikia mwenyewe kwa mkono wa kushoto, na hatapunguza makali.

Magurudumu ya wateja nimeyaita yote yarudi. Tangu Jumanne nimeshasuka upya manne. Yamebaki matano, na kila mwenye baiskeli namweleza kosa lilikuwa la nani kabla hajakaa. Wawili wameninyang'anya ringi zao wakaenda nazo. Mota zako saba ziko kwenye rafu, watu wa vyuma chakavu niliwarudisha. Pasi na mita sikuviuza. Uamuzi ni wako, ukisema niviuze hata baada ya haya nitaviuza. Sikuombi urudi, sina uso wa kukuomba. Nakuomba tu usiende kukaa kwenye kiti cha daktari wa meno ukiamini kwamba ulimvunja mtu mfupa. Hukumvunja. Kama utakwenda, nenda kwa sababu unapenda meno.

Ndani ya bahasha hii kuna mchoro. Nimekuonyesha spoki ipi inaanzia tundu lipi la mota, inapishana na ipi, na inaingia wapi kwenye ringi, ili popote utakapokuwa usimhitaji mtu kama mimi. Na kwa kuwa nimeanza kusema, niseme na hili. Mchoro wa kwanza niliuchora Jumanne usiku. Nilipoumaliza niliona nimeruka tundu moja. Mtu angesuka kwa mchoro ule, spoki zingekaa vizuri, gurudumu lingezunguka, na baada ya mwezi zingeanza kukatika. Niliona kosa, nikalijua, nikaikunja karatasi na kuitia kwenye bahasha hivyo hivyo. Nilimkumbuka baba alivyofunguka uso aliposema huyu mtoto. Ikakaa humo siku nzima. Leo asubuhi nimeitoa nikaichana, nikachora nyingine. Hii iliyomo ni sahihi. Lakini usiniamini, mdogo wangu. Kabla hujashika spoki, hesabu matundu mwenyewe.

Mpe mama mdogo shikamoo yangu, mwambie mgongo aukande kwa maji ya moto na asibebe ndoo. Baba anakusalimu, amenituma nikuandikie kwamba sikio la kulia bado zima. Wifi yako na watoto wanakusalimu sana. Barua hii nampa kondakta wa basi la mchana, na nimemsihi akukabidhi mkononi.

Ni mimi,
kaka yako.